Dawa ya kutoa chuma mwilini: nimetumia pampu, kidonge cha kuyeyusha na cha kumeza, haya ndio maoni yangu

Naandika hii kwa ajili ya mzazi mwenzangu ambaye leo ndio kaandikiwa hii dawa, amekaa kwenye benchi pale dirisha la dawa, ameshatajiwa bei, na anajiuliza hivi hela yote hii inaenda kwenye nini. Mi nilikaa kwenye benchi kama hilo na jina la dawa nilikuwa siwezi hata kulitamka. Ni deferasiroksi. Nyumbani kwetu inaitwa chokaa, mtaona kwanini.

Mjue kwanza anayeongea ni nani. Binti yangu ana miaka 9, ana sikoseli. Akiwa na miaka 5 alikuwa anakunywa uji asubuhi, kikombe kikamdondoka, nikamgombeza wee, nikamwambia okota, akawa ananiangalia tu. Kumbe mkono umeshakufa, ni kiharusi kile. Toka siku hiyo kila mwezi anatundikiwa chupa ya damu. Najua mtaniuliza mbona hatumii haidroksiyurea, ile dawa ya sikoseli, naijua sana, ila dokta wetu alisema mtoto ambaye ameshapigwa mara moja kinga kubwa ya kiharusi kisirudi ni damu ya kila mwezi, na kuacha damu kienyeji ni kucheza na moto. Basi tunatundika.

Sasa hiyo damu ndio inaleta mgeni. Dokta alinipigia hesabu nyuma ya karatasi ya maabara na ile karatasi ninayo mpaka leo: chupa moja ya damu ina chuma kama miligramu 200 mpaka 250. Mwili wa mtu kwa siku unachukua miligramu 1 au 2 tu kutoka kwenye chakula, na unapoteza kiasi hicho hicho, basi, hauna mlango mwingine wa kukitoa, hata ukijaa. Chupa 12 kwa mwaka ni gramu 2 na nusu mpaka 3 hivi. Mtu mzima mzima, baba zima la kilo 70, chuma chake chote mwilini ni gramu 3 au 4. Mtoto wangu wa kilo ishirini na kitu anaingiziwa kinachokaribia hicho kila mwaka! Na hakiumi, hilo ndio baya lake, hakina homa wala kilio, kinakaa kimya kwenye ini, kinakwenda kwenye moyo, kinaingia kwenye zile tezi zinazomkuza mtoto na kumvunjisha ungo, kongosho nalo halisalimiki, unakuja kushtuka mtoto hakui au moyo umechoka. Wanasema ukishafika chupa 10 mpaka 20 hivi, au feritini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, ikavuka 1,000 na ikabaki huko, ndio muda wa kuanza dawa. Sisi tulikuwa kwenye 1,900.

Tulianza na pampu. Ile sindano ya deferoksamini, wengi wanaijua kwa jina la Desferal, ni ya zamani, ipo toka miaka ya 60, na kwa kazi sina neno nayo. Shida yake haikai kwenye damu, nusu saa tu nusu yake imeshaondoka, kwahiyo huwezi kuchoma ukamaliza, lazima iingie taratibu taratibu chini ya ngozi masaa 8 mpaka 12, usiku mzima, usiku 5 kwa wiki. Pampu yenyewe nililetewa na wifi yangu anayeishi Muscat, kule thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, na sikoseli zote zipo kwenye familia nyingi na jirani yake watoto walishahamia vidonge, pampu ikawa inakaa kabatini, basi ikaja kwenye begi imefungwa kwenye kanga pamoja na halua. Nesi akanifundisha siku mbili, kuchanganya unga na maji ya sindano, kutoboa tumbo na ile sindano ya kipepeo, kubandika.

Jamani. Kumtoboa mwanao mwenyewe kila usiku saa 2 wakati wenzie wanaangalia katuni. Siku za mwanzo alikuwa analia, baadae akaacha kulia akawa anageuza tu uso ukutani na hiyo ndio iliniuma zaidi. Asubuhi pale palipochomwa pana kauvimbe kagumu, kesho unatafuta upande mwingine, tumbo la mtoto lilivyo dogo wiki ya pili unarudi pale pale. Kitu pekee alichokipenda ni mkojo, maana ile dawa inatoa chuma kwa mkojo unakuwa mwekundu mwekundu kama maji ya rozela, akawa ananiita chooni mama njoo uone chuma. Tulikaa na pampu miezi 7. Niwe mkweli, usiku 5 zikawa 4, zikawa 3, wiki ya msiba Tanga haikwenda hata moja. Dawa nzuri usiyoitumia ni sawa na maji. Pampu nyota 2, na hizo 2 ni za kazi yake, sio za maisha yake.

Ndio tukahamia chokaa. Hii deferasiroksi ya kuyeyusha, Marekani waliipitisha 2005, na tofauti yake kubwa ni kwamba inakaa mwilini muda mrefu, masaa 8 mpaka 16 nusu yake bado ipo, kwahiyo mara moja kwa siku inatosha. Hakuna sindano hakuna kuamshana, nilivyoelezwa hivyo nilitamani kumkumbatia mfamasia. Vya kuyeyusha vipo vya miligramu 125, 250 na 500, sisi tulianza na cha 500 kimoja, kwa kilo zake. Bei yake, mimi dozi ya mwezi ilikuwa inanila karibu kodi yangu ya nyumba, na kodi yangu sio ya chumba kimoja.

Unakiweka kwenye maji, unakoroga, hakiyeyuki. Yaani kwenye boksi kimeandikwa cha kuyeyusha ila ukweli kinavunjika kinakuwa tope jepesi jeupe, maji ya chokaa kabisa yale ya kupaka ukuta, na ladha sio chungu, ni vumbi, ulimi unakauka. Unatakiwa uinywe tumbo tupu, angalau nusu saa kabla ya kula, na kila siku muda ule ule. Basi la shule linapita kwetu saa 11 na dakika 45 alfajiri. Piga hesabu mwenyewe mtoto anaamka saa ngapi ili anywe chokaa, asubiri nusu saa, anywe uji, avae. Saa 10 na nusu taa ya jikoni inawaka, mimi nakoroga, yeye kakaa kwenye ndoo iliyofunikwa kasinzia.

Makosa niliyofanya myajue msiyarudie. Wiki ya kwanza niliyeyushia kwenye maziwa nikijua napunguza makali, karatasi ya ndani ya boksi inasema maziwa hapana, soda hapana, ni maji au juisi ya machungwa au ya tufaha tu. Afu nilikuwa najaza glasi mpaka juu, mtoto anaanza kumeza chokaa glasi nzima alfajiri, anatapika, wakati dozi ikiwa chini ya gramu 1 mililita 100 tu zinatosha, nusu glasi hata haifiki. Someni ile karatasi jamani, ni ndogo maandishi yake kama sisimizi lakini someni.

Kosa la tatu ndio lilinigharimu. Baada ya miezi 6 feritini tukapima, nategemea imeshuka, imepanda, 2,300. Nilichukia sana, nikajua nimeuziwa feki, nikawa nampigia kila mtu simu. Siku hiyo hiyo naosha vyombo nikaona ile glasi ya alfajiri ina duara jeupe kitakoni. Nikaiacha ikauke dirishani. Mchana nikaukwangua ule unga na kijiko, karibu robo kijiko cha chai. Hiyo ndio hela yangu, ilikuwa inaenda kwenye sinki kila siku miezi 6. Mtoto anakunywa maji ya juu, dawa imetuama chini, na mi namsifia hongera umemaliza. Toka siku hiyo akimaliza naweka maji kidogo tena, nazungusha glasi, anakunywa, na bado kuna siku ananiambia mama safari hii chini pamebaki chokaa kidogo tu, chuma chake kitoke chenyewe. Dokta nae alipoona majibu akapandisha dozi mpaka 750. Baada ya hapo ndio ikaanza kushuka, 1,750, afu 1,400.

Mama mkwe wangu lakini hakuamini kabisa maana mkojo haukuwa mwekundu tena. Mbona haitoi rangi, mmepigwa. Ikabidi nimueleze mama, hii inatoa chuma kwa njia ya choo kikubwa, sio mkojo, usitegemee rozela. Akaniambia basi hiyo sio ya kuangalia. Nikacheka nusura nimwage chai.

Kuhusu madhara sitaki kuwatisha ila sitaki kuwadanganya pia. Tumbo lilimuuma wiki 2 za kwanza na choo kikawa chepesi, vipele vikaja mikononi vikaondoka vyenyewe. Kikubwa ni figo na ini. Kila mwezi tunapima kreatinini, ile ya kuangalia figo, vipimo vya ini na protini kwenye mkojo, na mara moja kwa mwaka macho na masikio, na hivyo vyote vilipimwa pia kabla hajaanza. Hii mtu hakwambii wakati anakutajia bei ya dawa, kwamba dawa imekuja na ndugu zake wa maabara, weka kwenye bajeti kabisa. Na sheria moja imebandikwa kwenye friji letu: akiharisha au akitapika au homa inamfanya hali wala hanywi maji, chokaa inasimama na nampigia dokta siku hiyo hiyo, hatusubiri kliniki, kwasababu mtoto aliyekaukiwa maji akiendelea na hii dawa figo ndio zinaumia. Tulishaisimamisha mara 3. Mara ya kwanza niliogopa kwamba chuma kitarudi, dokta akanicheka, akasema chuma hakirudi kwa siku 4 mama, figo ndio hazirudi.

Mwaka jana tukapata cha kumeza. Hiki kilipitishwa Marekani 2015, dawa ni ile ile deferasiroksi, ila kina ganda, unameza na maji kama panadoli, na kama mtoto hawezi unakisaga unachanganya na kitu laini kama yogati anakula hapo hapo. Na kinaruhusu hata na chakula chepesi kisicho na mafuta, kwahiyo anameza na kipande cha mkate mkavu bila Blue Band, analalamika kuhusu Blue Band lakini sio kuhusu dawa. Taa ya jikoni sasa hivi inawaka saa 11. Dakika 30 za usingizi mimi nimezinunua, na ni ghali kweli, maana bei yake kwangu ilikuwa juu zaidi ya chokaa, lakini hakuna unga unaobaki popote, chote kinaingia.

Ila hapa ndio pana hatari ambayo karibu inimalize, sitaji duka. Nimeenda na cheti kimeandikwa deferasiroksi 750, cha zamani. Kijana wa duka akasema za kuyeyusha zimeisha ila zipo hizi mpya za kumeza, zipo za 90, 180 na 360, akachukua simu akapiga hesabu, 360 mara 2 ni 720, karibu sawa na 750, mpe mbili. Nikashukuru nikalipa nikaondoka. Bahati yangu kliniki ilikuwa keshokutwa yake na mfamasia wa pale ana tabia ya kuangalia kila boksi. Akaniuliza umeshampa? Siku 2. Akavua miwani. Cha kumeza kinaingia mwilini vizuri zaidi, dozi yake inapungua kama asilimia 30, namba hazilingani hata kama jina ni moja. Kwa 750 ya kuyeyusha yeye alitakiwa apewe 540, yaani kimoja cha 360 na kimoja cha 180. Ile 720 kwa kilo zake 24 ilikuwa imevuka hata kiwango cha juu kabisa. Wakampima figo hapo hapo, salama, alhamdulillah, lakini usiku ule sikulala. Kwahiyo ukibadilishiwa aina usikubali hesabu ya kaunta, rudi kwa aliyekuandikia. Na hizi namba zangu ni za kilo za mwanangu na majibu yake, usizikopi.

Kipo pia kidonge cha tatu, deferiproni, kile mara 3 kwa siku, na lazima chembe nyeupe za damu zipimwe mara kwa mara, kila wiki hasa mwanzoni, maana kinaweza kuzishusha vibaya. Wanakisifia sana kwa chuma cha moyoni. Sisi hatujakitumia kwahiyo nyota sitoi.

Feritini yenyewe nayo sio ya kuiamini kila siku. Mwezi wa 4 alikuwa na malaria na maumivu ya mifupa, nesi akatoa damu akapima na feritini humo humo, ikaja 4,100. Nilikaa chini pale pale kwenye korido. Kumbe feritini inapanda mwili ukiwa na maambukizi au kraisisi, yale maumivu makali ya sikoseli, haimaanishi chuma kimeongezeka. Tukarudia baada ya wiki 5 akiwa mzima, 1,150. Sasa hivi akiumwa sikubali ipimwe, nasema hiyo tuiache mpaka apone, na naandika zote kwenye daftari la shule la mistari mikubwa, tarehe, chupa ya ngapi, feritini, kilo, maana namba moja haisemi kitu, mstari mzima ndio unasema. Dokta alituambia pia kuna MRI ya namna yake inayosoma chuma kwenye ini na moyo bila kutoboa nyama, sisi bado, tumefanya eko tu, ile ultrasaundi ya moyo.

Na kitu kingine ambacho kinanitoa roho ni wema wa watu. Mtu akisikia mtoto anaongezewa damu anajua ana upungufu wa damu, basi anamletea cha kuongeza damu. Shangazi yake amekuja na chupa ya sirapu nyekundu, nzuri, tamu, mtoto anaipenda, nikasoma nyuma, chuma. Nilishukuru nikaiweka juu ya kabati na ipo mpaka leo. Mbaya zaidi ni foliki asidi. Mwanangu anatakiwa anywe foliki kila siku, sasa ukienda maduka mengine wanakupa zile nyekundu za kina mama wajawazito, fefo, ambazo foliki imechanganywa na chuma. Unatoa chuma alfajiri kwa hela ya kodi, unakirudisha mchana kwa vidonge vya bei ya karanga! Omba foliki tupu, ile ya njano, na usome. Mchicha na maharage sio kesi, mwacheni ale, chuma cha kwenye sahani ni kidogo mno ukilinganisha na cha kwenye chupa, mi nilimnyima maini mwaka mzima ila mchicha anakula kama kawaida.

Nyota basi. Cha kuyeyusha 3 na nusu, kinafanya kazi ukishinda vita ya glasi. Cha kumeza 4 na nusu, ile nusu nimeikata kwa bei na kwa kuadimika, mwezi mwingine unazipata za 360 ila za 180 hakuna mji mzima. Feritini ya mwisho ilikuwa 980, mara ya kwanza kuiona ina tarakimu 3, nikaipiga picha.

Juzi kapimwa uzito, kilo 26 na nusu, na amerefuka mpaka sketi ya shule imepanda magotini. Nikafurahi nikampiga busu pale pale kwenye mzani, afu hapo hapo nikakumbuka dozi inakwenda kwa kilo. Dokta akachukua kalamu, 540 ikawa 630. Nimekaa nje ya kliniki yeye anakula muhogo wa kukaanga, mi napiga famasia moja baada ya nyingine, naulizia kama kuna mwenye za 90.